Mjukuu Aliyemgomea Aanyu

Katika Masinya nzima hakuna mtu aliyewahi kuingia nyumbani kwa Aanyu akatoka na njaa. Wapo waliojaribu. Mwinjilisti mmoja alipita pale siku ya mfungo, akasema amefunga, akaapa kwamba amefunga. Alitoka na sahani mbili za ugali wa mtama na muhogo tumboni, na toba moyoni. Aanyu alilisha watoto wake sita, watoto watatu wa dada yake, ndama aliyefiwa na mama yake, na mara moja askari wawili waliokuja kumkamata jirani. Walipomaliza kula walimshukuru, wakapanda pikipiki wakaenda zao. Jirani akabaki amejificha kwenye migomba mpaka jioni bure.

Kwa hiyo mtu wa kwanza kumshinda alikuja Jumanne moja mchana, amefungwa kwa kanga kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akiwa na uzito wa kilo moja na gramu mia nane na ishirini. Jogoo wa Aanyu alikuwa mzito kuliko yeye. Hilo halikuwa la kukisia: Aanyu alimkamata jogoo, akampeleka kwa muuza dagaa mwenye mizani, akampima.

"Kilo mbili na nusu," alimwambia mkwewe Proscovia, jogoo akiwa kwapani na hasira zake. "Sasa tunajua tunamfuata nani."

Proscovia alikuwa mke wa Ecodu, kitinda mimba wa Aanyu. Alikuwa amejifungua mapacha wa miezi saba, mvulana kisha msichana, na wote wawili walilazwa katika wodi ya watoto njiti huko Tororo. Mvulana aliishi siku tisa. Walimzika nyuma ya nyumba, ubavuni mwa babu yake, katika kisanduku ambacho Ecodu alikibeba kwa mkono mmoja njia nzima, akakataa kusaidiwa. Msichana alibaki wodini wiki tano, akaacha oksijeni, akatolewa mrija wa maziwa puani, akaruhusiwa kwenda nyumbani.

Watu walidhani kazi imekwisha. Kumbe mtoto alikuwa ametoka wodini akijua kila kitu isipokuwa kula.

Sista Acen, muuguzi wa kituo cha afya aliyekuwa akiwazungukia watoto njiti kwa pikipiki, alikuja siku hiyohiyo, akaketi nao akawaeleza taratibu.

"Mtoto huyu si mkaidi. Ni mchanga. Wenzake waliotungwa mimba wakati mmoja naye wangali tumboni, wanalala. Kunyonya ni kazi tatu kwa wakati mmoja: kuvuta, kumeza na kupumua. Yeye anazijua zote tatu, ila anazisahau kwa zamu."

"Mimi nakumbusha yeye," alisema Aanyu.

"Taratibu, nyanya. Kila saa tatu, mara nane kwa siku. Kwanza titi. Akichoka, mama akamue, mtoto alambe kwenye kikombe kidogo, mwenyewe. Hakuna kummiminia. Midomo ikigeuka bluu, mnasimama, anainuliwa, anapumzika. Halafu Ijumaa ya wiki ijayo mnamleta kwenye mizani. Akifika elfu moja mia nane na hamsini, mnaendelea naye nyumbani. Asipofika, anarudi Tororo kwenye mrija."

Katika maneno yote hayo Proscovia alisikia moja tu, Tororo. Aliikaza kanga yake. Aanyu alimwona, na tangu saa hiyo nyumba nzima ilijua inapigania nini: mtoto huyu asirudi kwenye chumba kile ambacho kaka yake hakutoka.

Basi vita vikaanza. Ecodu alitega simu yake ilie kila saa tatu, na sauti aliyoichagua, kwa kuwa mtu huyu hakuwahi kufikiri kitu mara mbili, ilikuwa ya jogoo. Jogoo wa kweli alisikia mwenzake anawika ndani ya nyumba. Akaingia ndani kumtafuta. Hakumpata, akarudi uani kuwaza, na kufikia Alhamisi alikuwa akiwika mara nane kwa siku, kwa saa, kama mtu aliyeajiriwa.

Simu ikiwika, Proscovia anaketi. Mtoto anaamshwa. Anapanguswa uso kwa kitambaa chenye unyevu, anakunwa nyayo, anaimbiwa pambio. Anafungua jicho moja. Anashika titi. Moja, mbili, tatu, nne, kisha usingizi, usingizi mzito wa mlinzi wa ghala.

"Toto!" Aanyu alimwita. "Unakuja mpaka nyumbani kwangu unalala mezani?"

Kunwa tena nyayo. Pambio tena, la haraka zaidi, na makofi. Moja, mbili, tatu, kikohozi, maziwa shavuni, usingizi. Kikombe kilikuja, ukatoka ulimi mdogo kama wa paka, ukalamba mara tano, ukarudi ndani na mlango ukafungwa. Kufikia Jumamosi Aanyu alikuwa amezunguka nyumba yake mara nyingi kiasi cha kuacha njia kwenye nyasi, na katika mzunguko mmojawapo alipata jawabu.

"Mtoto huyu hana kosa," alitangaza. "Kosa ni letu. Wiki sita hana jina! Kwenye kadi wameandika Mtoto wa Proscovia. Nani atakula kwenye nyumba ambayo haijamwita?"

Sasa, Iteso, kabila la kina Aanyu, wana desturi yao. Mtoto mchanga hukusanyiwa ukoo, bibi huchovya kidole katika pombe ya wimbi, hukitia mdomoni mwa mtoto na kutaja majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine. Jina ambalo mtoto ananyonya linapotajwa, hilo ndilo lake; aliyetangulia amemkubali, naye amekubali. Aanyu alikuwa mtu wa kanisa, mwimbaji wa sauti ya pili, na pombe haikuingia kwake. Wajukuu wake wote aliwapa majina kwa kidole kilichochovywa katika maziwa ya mama. Hakuna aliyelalamika isipokuwa Ikwap, ndugu wa marehemu mumewe, aliyeshikilia kwamba wazee hawaamki kwa maziwa.

Jumapili baada ya ibada uwanja ulijaa. Ikwap alikuja na majina manane ya ukoo kichwani. Kutoka upande wa Kenya, Funyula kwa Wasamia, alivuka Senge Nasirumbi, shangazi yake Proscovia, na majina sita kwenye karatasi, ili ukoo wa mama usije ukazidiwa. Beseni la maji na sabuni liliwekwa mlangoni. Aanyu aliosha mikono mpaka kwenye viwiko. Ikwap, ambaye hakuwa na kazi ya kidole, aliambiwa aoshe mikono mara tatu na mdomo mara moja.

"Apolot," alianza Aanyu, kidole mdomoni mwa mtoto.

Mtoto alivuta. Mara moja, mara mbili, akaacha.

"Ameanza kukubali!" Ikwap aliruka.

"Kuanza si kukubali, mzee," alisema Senge Nasirumbi. "Hata mimi nilianza kuolewa na mtu wa Bumala."

"Akiror."

Ulimi ulitoka nje.

"Huyo anamkataa," alisema Ikwap. "Na ana haki, Akiror alikuwa mchoyo."

"Shemeji, unasema mama yako!"

"Ndiyo maana najua."

"Taaka."

Mtoto alipiga chafya. Upande wa Samia ulisimama wote. Taaka alikuwa na mafua maisha yake yote, ni yeye, amerudi! Upande wa Iteso ukasema chafya si kunyonya. Wakabishana, wakaombwa kuketi, jina likatajwa tena, mtoto akavuta mara moja kwa heshima na kuacha. Anyait. Ajiambo. Asekenye. Kwenye jina la tisa alilala. Waliendelea kumtajia majina hivyo hivyo usingizini, mpaka la kumi na nne, maana Senge alikuwa amelipa nauli na hakukubali karatasi yake irudi bila kusomwa.

Simu iliwika na hakuna aliyeisikia. Jogoo naye akawika, wakamfukuza. Wageni walipokwisha kula, jua likiwa limeshuka, ndipo Proscovia alipojaribu kumnyonyesha, na mtoto hakuweza hata kufungua mdomo. Alikuwa amechoka kama mtu aliyetoka kuvuna.

Jumatatu asubuhi Sista Acen alifika na mizani yake ya mkoba. Alimweka mtoto, akasoma, akamtoa, akapiga mizani kofi, akamweka tena.

"Elfu moja mia saba na themanini. Amepungua gramu arobaini. Jana alikula nini?"

Watu wa nyumba walitazamana.

"Majina," alisema Ecodu.

Alieleza yote. Sista alisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni, na ilionekana wazi kwamba anataka kugomba na anataka kucheka, na hajui aanze na kipi.

"Jamani! Mmemlimisha mtoto ekari nzima kabla ya chai. Nguvu alizokuwa nazo zilitosha kunyonya, ninyi mkazimaliza kwa kidole kikavu."

"Kilikuwa na maziwa," Aanyu alijitetea kwa sauti ndogo.

"Tone! Nyanya, kidole si dhambi. Hata wodini tunakitumia: kidole safi, avute mara tatu, nne, mdomo uamke, halafu titi papo hapo. Kidole kimoja. Si ukoo mzima." Kisha akachukua kadi na kalamu. "Na hili la jina mimi silielewi. Mimi naitwa Acen, nilizaliwa wa pili. Kwetu Lira, pacha wa pili hatafutiwi jina, anazaliwa nalo. Kwani ninyi hapa hamna?"

Mlangoni Ikwap alivua kofia.

Walikuwa nalo. Kila mtu katika uwanja ule alilijua tangu siku ya kwanza. Pacha wa kwanza akiwa mvulana ni Opio. Wa pili akiwa msichana ni Adongo, na hilo halina mjadala, halihitaji kidole wala beseni. Hakuna aliyesahau. Lakini huwezi kumwita mtu Adongo bila kusema kwamba alimfuata mwenzake, na mwenzake yuko nyuma ya nyumba. Kwa hiyo walichimbua mabibi kumi na wanne kutoka kaburini ili wasimguse mtoto mmoja. Hata Ikwap, ambaye hawezi kunyamaza hata wakati wa sala ya kimya, jina hilo alilinyamazia.

Proscovia ndiye aliyesema. Hakunyanyua kichwa, alikuwa akimfunga mtoto kanga.

"Andika Adongo. Kaka yake alikuwa Opio. Aliishi siku tisa."

Sista aliandika. Aanyu alivuta kitambaa cha kichwani akajifunika uso, na mabega yake makubwa, yaliyobeba magunia na watoto na majeneza, yakaanza kutikisika. Ecodu alitoka nje, akarudi, akatoka tena. Proscovia alilia bila sauti, machozi yakimdondokea mtoto utosini. Ilikuwa mara ya kwanza nyumba ile kulia pamoja. Mpaka siku ile kila mmoja alikuwa akilia zamu yake, mwingine akiwa shambani.

Na katikati ya kilio hicho Adongo, gramu elfu moja mia saba na themanini, alitoa upepo.

Haukuwa upepo wa saizi yake. Ulikuwa wa mtu mzima mwenye mali. Ikwap, aliyekuwa amesimama mlangoni kofia mkononi, alishtuka akatazama nyuma yake.

"Ameitikia!" alisema.

"Shemeji, hiyo ni hewa tu."

"Hata mimi siku hizi naitikia hivyohivyo."

Ikawa basi. Proscovia alicheka kwanza, cheko lililotoka na kamasi, halafu Sista akakalia mkoba wake akicheka, halafu Aanyu, na Aanyu akicheka vyombo vinasikia. Walicheka mpaka wakashika mbavu, mpaka wakaona haya, wakaanza tena.

Jina halikumnyonyesha mtoto. Mungu ana njia zake, na safari hii njia yake ilikuwa Sista Acen, aliyebaki pale asubuhi nzima akiwaonyesha. Alimlaza Adongo kwa ubavu, kichwa kikiwa juu kidogo, mkono wa mama ukishika shingo na si kisogo. Alimfundisha Proscovia kusikiliza: kuvuta, kumeza, kuvuta, kumeza, halafu subiri, mpe nafasi ya kupumua kabla hajaitafuta. Akakataza makofi. Akakataza pambio la haraka.

"Hizo imbeni mkiwa wenyewe. Huyu anatuliza akili, yuko kazini."

Aanyu alibadilika siku hiyo. Aliweka kigogo njiani, na hakuna mgeni aliyekivuka. Ikwap alisalimiwa akiwa huko kwenye mihogo. Na kwa kuwa mikono ya Aanyu haikujua kukaa bure, aliigeuza kwa mkwewe.

"Kama siwezi kulisha yeye, nitalisha anayemlisha."

Uji wa wimbi asubuhi. Samaki wa kukaushwa kwa mchuzi wa karanga mchana. Mboga, viazi, uji tena. Proscovia alikula mpaka akaomba msamaha. Titi likajaa, likadondosha lenyewe simu ikiwika.

Jumanne, mivuto mitano na pumziko, mara tatu. Jumatano, sita. Ecodu alikuwa akiandika ukutani kwa mkaa, karibu na kalenda ya kanisa. Alhamisi saa sita mchana mtoto alivuta saba, kwa tamaa, akasahau kupumua. Maziwa yalitokea puani. Midomo ikawa bluu.

Hakuna aliyepiga kelele. Proscovia alimtoa, akamkalisha ameinama mbele kwenye kiganja chake, akamsugua mgongo, akihesabu kwa midomo. Aanyu alisimama pale akimwambia Mungu neno moja tu, tafadhali, tafadhali, tafadhali. Rangi ilirudi, kwanza masikioni, kisha mdomoni. Adongo alikohoa, akakunja uso kwa chuki kubwa, akalala.

Alilala na mlo haujafika hata nusu, na kesho yake ilikuwa Ijumaa.

Kikombe cha maziwa kilikuwa mezani. Aanyu alikitazama. Watoto wake sita, wakikataa kula, aliwalaza magotini, akakinga kiganja mdomoni, akamimina, na mtoto humeza ili apumue. Ndivyo alivyolishwa yeye, na mama yake. Dakika mbili tu na kikombe kingekuwa kitupu, na mizani ingefurahi. Mkono wake wa kulia ulianza safari wenyewe. Aliukamata. Akauweka kwenye kiti, akaukalia.

Proscovia alimwona. "Mama, umekalia nini?"

"Nimekalia dhambi. Wewe pumzisha mtoto."

Na aliukalia mpaka ukafa ganzi. Baada ya nusu saa Adongo aliamka mwenyewe, akatafuta, akavuta mara nne za taratibu, akapumua, akavuta nne nyingine.

Ijumaa Aanyu na Proscovia walikwenda na mtoto kwenye kituo cha afya, Ecodu akabaki shambani kwa sababu alisema tumbo linamuuma, na kila mtu alijua si tumbo. Benchi lilikuwa limejaa akina mama na watoto wanene. Mmoja wa miezi minne, mashavu kama maandazi, alimtazama Adongo kwa muda mrefu kama anayetazama kidole chake kilichopotea.

"Vua nguo zote," alisema Sista Acen.

"Na kofia?" aliuliza Aanyu.

"Na kofia."

"Kofia ni sehemu ya kichwa, Sista. Ongeza basi hata soksi. Mahali ninapouzia mihogo, mtu mzuri anaongeza."

"Nyanya, hapa si sokoni."

"Soksi moja."

Akina mama kwenye benchi walianza kucheka. Proscovia hakucheka. Alimweka binti yake kwenye mizani, akarudi hatua moja, akashika mkono wa mama mkwe, na Aanyu akasikia vidole vya mkwewe vilivyo baridi. Adongo alipiga teke. Namba zikaruka juu, zikashuka, zikapanda, zikakataa kutulia. Alipiga teke tena. Aanyu alifumba macho.

"Elfu moja," alisoma Sista, "mia nane... tulia, mama... mia nane na sabini."

"Soma tena," alisema Proscovia.

"Mia nane na sabini. Mnarudi naye nyumbani."

Proscovia aliketi palepale sakafuni. Mtoto alikuwa akilia kwa baridi na saa ya kula ilikuwa imefika, kwa hiyo Sista alimfunika, akampa mama yake. Aanyu alivuta pumzi. Ilikuwa pumzi ya wiki saba, pumzi ya kigelegele ambacho kingesikika Busia mpaka upande wa pili wa mpaka. Alifungua kinywa, akapandisha ulimi, na Sista Acen akamwekea kidole midomoni.

"Shh! Ameshika."

Kweli alikuwa ameshika. Mwenyewe, bila kidole, bila kukunwa nyayo, mdomo umefunguka wote, na mtu angeweza kusikia katika chumba kile namna anavyomeza.

Aanyu alibaki kinywa wazi. Furaha haikuwa na pa kwenda. Basi alikipiga kigelegele bila sauti: ulimi ukacheza, mikono ikapaa, kiuno kikazunguka, na hakuna hata mnong'ono uliotoka. Mama wa kwanza kwenye benchi alielewa, akasimama, akafungua kinywa naye. Wa pili. Wa tatu, mwenye mtoto wa mashavu. Wanawake tisa walisimama katika kituo cha afya saa nne asubuhi wakipiga vigelegele kimyakimya, machozi yakiwatoka, wakitikisa mabega, wakikanyaga kwa ncha za vidole, na katikati yao, sakafuni, Proscovia akihesabu mivuto kwa midomo.

Tisa. Kumi. Pumzi. Kumi na moja.